Kitanda cha Mbao za Naitiri

Mimi fanicha inayopiga kelele siitaki nyumbani mwangu. Wenzangu wa Bungoma wananijua kwa hilo, na nikiwapa kisogo wanasema, ati Mulki anaringa, sebule yake haina hata kochi la kumeza mtu. Na waseme. Yale makochi yao yamefunikwa vitambaa vya kufuma hadi mikononi, mwaka wa pili ubao wa ndani umevunjika na mgeni anakalia springi. Mimi napenda vitu vichache, vilivyotengenezwa vikatengenezeka, ambavyo binti yangu Aaliyah atavirithi bila aibu.

Kwa hivyo mume wangu Salman alipomaliza kujenga nyumba yetu ya Kitale, mwaka wa elfu mbili na nne, nilimwambia tuanze na kitanda. Salman alikuwa mtu asiyelala. Aliendesha malori ya mizigo usiku tangu ujana wake, na hata baada ya kuacha lori na kufungua duka la vipuri, usingizi ulikataa kurudi. Aligaagaa mpaka alfajiri, akaenda msikitini macho mekundu kama pilipili. Nilimwonea huruma sana. Nilitaka kabla hatujazeeka apate mahali pa kupumzika, ni hilo tu.

Fundi tuliyempata Kitale anaitwa Waithaka, mtu wa maneno machache na randa kali. Alinionya kwamba mbao za siku hizi zinauzwa mbichi, ukizifanyia kitanda leo, kesho kimepinda. Akasema nikipata mbao za zamani zilizokauka vizuri atanitengenezea kitanda kisichojua msumari, cha kuunganishwa kwa ulimi na tundu.

Mimi nilikuwa bado nauza nguo sokoni Naitiri, na pale nilikuwa na mteja wangu, Dinah. Siku moja alinikaribisha kwake chai. Nimekaa jikoni, nikainua macho, nikaziona. Mbao pana zimelazwa juu ya boriti, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Nilipanda kwenye stuli nikazigonga kwa kidole. Zilikuwa za ule mti mgumu wa msitu wa Elgon, na zimekauka mpaka zinalia. Moyo wangu uliruka.

Mume wa Dinah, Mukhisa, alisema ni za baba yake, Mzee Wanyonyi, lakini mzee ameenda kwa binti yake Malakisi na huenda asirudi karibuni.

"Ziko tu hapo zinakula moshi, Mama," akasema. "Chukua."

Tukapatana hapo hapo. Dinah aliinamisha kichwa akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikadhani anaona mumewe ameuza rahisi. Kama ningemuuliza jirani yangu yeyote Mkristo, angeniambia mara moja. Lakini sisi Waislamu huzikwa kwa sanda. Kwetu mbao za darini ni mbao za darini, nani angenifundisha kuzisoma?

Waithaka alizifurahia kama mtoto. Alishangaa kidogo tu kwamba zote zilikuwa zimeshakatwa kipimo kimoja, kuzidi urefu wa mtu mzima kidogo, kana kwamba kuna aliyejua zitakuwa kitanda. Akaziondoa weusi, ndani zikatoka rangi ya asali iliyoiva. Hakuzipaka hata vanishi, mafuta tu. Wallahi kilikuwa kitanda kizuri. Ukiingia chumbani huoni kitu kingine, na chenyewe kimetulia tu, hakitaki sifa.

Na Salman akalala.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta bado amelala jua limetoka, nikakaa pembeni nikalia kwa furaha. Aliamka akaniambia, Mulki, sikujua watu hulala hivi. Alinenepa kidogo. Akaacha kufoka dukani. Nikawaringia wenzangu wa Bungoma, nikawaambia hiyo ndiyo tofauti ya fanicha na takataka.

Sijui ni lini nilianza kuona kwamba hageuki. Alilala chali, miguu sambamba, mikono imenyooka ubavuni, na akiamka shuka la upande wake halina kunyanzi, ni kama halikulaliwa. Halafu akaanza kulala mchana. Akitoka kuswali adhuhuri anapitia nyumbani, ati dakika kidogo tu, na duka linabaki limefungwa hadi jioni. Nywele zake zilinuka moshi. Mimi jikoni napikia gesi, na Peris anayenisaidia kazi hajawahi kuwasha hata kuni. Nilimfulia mto, nikamwosha kichwa mwenyewe, moshi ukarudi.

Alasiri moja nilimwita asiamke. Nilimtikisa, nikampiga makofi, mwisho nikammwagia maji ya friji usoni. Alifumbua macho polepole, akaniangalia jinsi unavyomwangalia mtu aliyekukatiza mazungumzo na mgeni. Uso wake ulikuwa baridi, na si kwa yale maji. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali. Nilimgombeza mpaka nikakauka koo.

Kesho yake Dinah alifika Kitale. Hakutaka chai. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema Mzee Wanyonyi amerudi kutoka Malakisi, ameona darini patupu, na tangu hapo amelala hali chochote. Yeye kama mke wa mwanawe hawezi kuingia chumba cha mkwe, lakini humsikia kupitia mlangoni. Mzee hulalamika kwamba kuna mtu amelala mahali pake.

"Anasema ni mtu mzito, Mama Aaliyah. Mweupe kidogo, ana kovu kwa goti. Jana akasema mmemmwagia maji."

Nilimwambia anyamaze. Halafu nikamwambia aendelee.

Mzee aliuchagua mti ule mwenyewe akiwa kijana, akaupasua, akakata mbao kwa kipimo chake na kuzipandisha darini zimngoje. Zilikuwa za sanduku lake la kuzikiwa. Wazee wengi wa kwao hufanya hivyo, mtu hataki kulala ndani ya mbao za haraka haraka. Mukhisa alijua, ila alihesabu kwamba baba yake haoni vizuri tena. Dinah naye alijua na alinyamaza, kwa sababu mwanamke hamvunji mumewe mbele ya mgeni. Nilipandwa na hasira, lakini hasira haingemwamsha Salman.

Nilimwita Waithaka akivunje kitanda siku hiyo hiyo. Salman alisimama mlangoni akilia machozi. Mume wangu, ambaye hakulia hata alipomzika mamake.

"Mulki, niachie hicho tu," akasema. "Chukua kingine chochote."

Ningemjibu ningelegea. Nilimwachia Peris amwangalie, nikapanda pikapu pamoja na mbao hadi Naitiri, nikiwa nimepiga moyo konde kwamba jioni nitarudi kwa mume anayegaagaa na kununa kama zamani.

Mzee Wanyonyi alikuwa amebaki mifupa. Mukhisa alizisimamisha mbao ukutani, macho chini. Mzee akaomba asogezewe ubao mmoja. Akaupapasa wote kwa kiganja, akapitisha vidole kwenye matundu ya Waithaka, kisha akauweka puani akanusa kwa muda mrefu. Nilimwomba radhi. Nilimwambia sikujua, nimezirudisha zote, hata kipande kimoja hakijapotea, nitalipia fundi amtengenezee sanduku zuri kuliko la mkubwa yeyote. Hakuwa na hasira hata chembe. Ningependa angetukana.

"Hizi si zangu tena," akasema. "Zimenusa mtu mwingine. Nimempa."

Nikamwambia hazimfai, sisi hatuzikwi na sanduku, Mzee, sisi ni Waislamu.

"Sanduku ni la nini?" akaniuliza kwa upole. "Yeye ameshalala."

Kisha akashusha miguu chini. Mukhisa alikimbia kumshika, mzee akamsukuma mkono. Alisimama mwenyewe, akanyoosha mgongo, akatoka mpaka uani akiangalia huku na huku kama mtu aliyetoka safari. Akakaa kwenye stuli juani na kusema ana njaa. Dinah alileta ugali na mboga, akaweka kwa mbali kwa heshima, akarudi nyuma. Mzee akaanza kula. Alikula vizuri, kwa matonge makubwa, na damu ikawa inarudi usoni mwake nikiona kwa macho yangu.

Nilitoa simu nikapiga nyumbani. Peris alipokea. Nikamuuliza Baba Aaliyah yuko wapi. Akasema amelala chumbani, sakafuni, pale pale kitanda kilipokuwa, amekataa hata mkeka. Nikamwambia mwamshe. Nikasikia akiweka simu chini. Nikamsikia akimwita, kwanza kwa adabu, halafu kwa nguvu, halafu akiita jina lake, jambo ambalo hajawahi kuthubutu.

Mzee Wanyonyi aliinua kichwa kutoka kwenye sahani.

"Mwambie huyo msichana aache kelele," akasema. "Mtu amechoka."

Peris aliita tena. Mzee akamsogezea Dinah sahani, akaomba kuongezwa mboga.