Kundi la Mtu Mmoja

Wanafunzi walimwita Bi Wastani. Alilijua jina hilo, akajifanya halijui. Lilimkaa vizuri: hakuwa mrefu wala mfupi, mkali wala mpole kupita kiasi, na katika vitabu vyote vya hisabati alivyofundisha, hakuna sura aliyoipenda kama ile ya takwimu. Humo unachukua namba za watu wengi, unazigawa makundi makundi, kisha unalieleza darasa zima kwa namba tatu tu: wastani, namba ya kati, na modi, yaani pale walipojazana wengi.

Alikuwa na sababu ya kuipenda. Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa na mtindo wake. Baada ya kila jaribio, asubuhi watoto wakiwa mstarini, alisoma majina na alama kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira. Wa mwisho alisomwa polepole ili kila mtu apate muda wa kugeuka. Bi Wastani alivumilia mpaka akachoka, akaenda ofisini na kusema wazi kwamba majina ya darasa lake yasisomwe tena. Yeye ataweka jedwali. Waliopata sifuri mpaka tisa ni wangapi, kumi mpaka kumi na tisa ni wangapi, hivyo hivyo mpaka juu. Karatasi kila mtoto atapewa mkononi, imekunjwa.

"Unawadekeza," alisema Mwalimu Mkuu.

"Nawafundisha takwimu. Ipo kwenye mtaala."

Mbele ya mtaala, Mwalimu Mkuu alikubali kwa shingo upande. Tangu siku hiyo Bi Wastani alijivunia jedwali lake kama wengine wanavyojivunia nyumba waliyojenga. Lilisema ukweli wote wa darasa bila kumtaja mtu.

Mwanzoni mwa muhula aliletewa msichana mpya. Alikuwa ameugua nyonga, akalala hospitalini, kisha nyumbani, karibu mwaka mzima, na wenzake wa zamani walikuwa wameshasonga mbele. Akaingizwa katika darasa la watu asiowajua, nao wakampa jina la Mgeni, likamganda. Alitembea akivuta mguu kidogo na kuzungumza kidogo zaidi. Aliyemleta ni shangazi yake, fundi cherehani, mama wa maneno ya moja kwa moja.

"Mwalimu, sikufichi," shangazi alisema barabarani nje ya lango, msichana akiwa ameshaingia ndani. "Nimembembeleza huyu mpaka nimechoka. Ameshaniambia, akichekwa tu basi, harudi. Atakaa na mimi ashone. Cherehani ya pili ninayo, kazi ninayo, lakini sitaki. Nataka asome."

"Darasani kwangu hachekwi mtu," alisema Bi Wastani. "Utaratibu wangu hauruhusu."

Jaribio la kwanza likaja. Mgeni alipata nane kwa mia. Bi Wastani hakushangaa, maana maswali mengi yalihusu mambo yaliyofundishwa mtoto akiwa kitandani. Aliandika chini ya karatasi, "Tutaanzia hapa," akaikunja mara mbili badala ya moja. Kesho yake, baada ya kugawa karatasi, akaona ametunukiwa somo bora kabisa: atafundisha takwimu za makundi kwa alama zao wenyewe. Akachora jedwali ubaoni, makundi upande wa kushoto, idadi upande wa kulia.

0–9: 1
10–19: 3
20–29: 5
30–39: 8
40–49: 12
50–59: 7
60–69: 4

Alipoandika ile moja ya juu, mkono wake haukusita hata kidogo. Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa kosa la mwalimu wa takwimu peke yake. Mwalimu Mkuu asingeliweza hata kwa kulitafuta. Kundi linaficha majina pale tu lilipo na watu wengi. Kundi la mtu mmoja ni jina, limekosa herufi tu.

"Ukishamweka mtu kwenye kundi," aliwaeleza, "alama yake halisi huioni tena. Basi unachukua namba ya katikati ya kundi, na hiyo ndiyo unampa kila mmoja aliyemo. Sifuri mpaka tisa, katikati ni nne na nusu. Kumi mpaka kumi na tisa, kumi na nne na nusu. Zidisheni kila moja kwa idadi ya watu wake. Nakwenda kuleta vikokotoo."

Akatoka. Kabati la walimu lilikuwa na kufuli lenye vituko vyake, akachelewa kidogo.

Darasani alikuwemo kijana waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Hakuwa mbaya. Angekugawia chakula chake chote, huku akiwatangazia watu kwamba huna. Alilitazama jedwali, akasema, "Jamani, mimi niko kwenye thelathini. Nyie mko wapi?" Mmoja akasema yuko hamsini na kitu. Mwingine akasema yuko arobaini, na wenzake wakainua mikono, wakahesabiana, wakafurahi kuona namba za ubaoni zinatimia. Ukawa mchezo. Wakapita mstari kwa mstari, hata wale watatu wa kumi na kitu wakajitaja wakicheka, maana walikuwa watatu. Ukabaki mstari wa juu, na darasani akabaki mtu mmoja ambaye hakuwa amesema kitu.

Bi Wastani alipofika mlangoni na vikokotoo mikononi alikuta kicheko kinaishia. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kile cha kubanwa puani, kinachouma kuliko cha wazi. Alimtazama Mgeni, akamwona amekaa wima, macho ubaoni, kalamu inakwenda. Akatazama ubao, akaiona ile moja.

Aliwakemea, wakanyamaza. Somo likaendelea kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Walijumlisha, wakapata elfu moja mia sita na ishirini, wakagawanya kwa watu arobaini. Wastani, arobaini na nusu. Namba ya kati, arobaini na mbili kamili. Modi, karibu arobaini na nne. Majibu yalitoka mazuri ajabu, safi, kama ya kitabuni. Hayakumfurahisha.

Kesho yake kiti cha Mgeni kilikuwa kitupu. Wiki ikaisha kikiwa kitupu.

"Mimi ningelisoma jina lake, wangecheka, wangesahau," alisema Mwalimu Mkuu kwenye chai, bila ubaya wowote. "Wewe umewapa fumbo. Fumbo mtu halisahau."

Bi Wastani aliacha chai yake mezani. Aliona aibu, aibu ya kweli inayokufuata mpaka bafuni. Alikuwa ameahidi kitu barabarani, mbele ya mwanamke aliyemwamini, na utaratibu wake mwenyewe ndio uliomsaliti.

Akakaa na karatasi akatafuta dawa. Alipanua makundi. Badala ya kumi kumi, ishirini ishirini: sifuri mpaka kumi na tisa, watu wanne. Mgeni sasa ana wenzake watatu, hakuna wa kumnyooshea kidole. Alipokokotoa upya, wastani ulipanda kutoka arobaini na nusu mpaka arobaini na moja, na hakuna mtoto aliyefungua kitabu. Wakati mwingine hilo lingemchekesha. Alikunja karatasi, na masomo yalipokwisha akashika njia kwenda kwa fundi.

Chumba cha kushonea kilikuwa cha mbele, mlango wazi, vipande vya vitambaa vimetapakaa chini ya meza ya kukatia. Cherehani mbili zilitazamana dirishani. Ya pili ilikuwa imevuliwa shuka lake, na nyuma yake alikaa Mgeni akipiga pindo la sketi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, bila kusimamisha gurudumu.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu, Mwalimu," alisema shangazi. "Kiti kikague kwanza, kina pini." Sauti ilikuwa ya adabu, lakini kavu.

Bi Wastani alikagua kiti, akakaa. Njiani alikuwa amejipangia maneno mazuri, yote yakampotea. "Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilisema kwangu hachekwi mtu, akachekwa, na aliyewapa njia ni mimi. Nimetengeneza jedwali lingine. Nataka mlione kabla sijalibandika."

Aliinyoosha karatasi kwenye meza ya kukatia. Msichana alisimamisha cherehani, akaja akivuta mguu, akaisoma. Aliisoma muda mrefu kuliko ilivyostahili karatasi yenye mistari minne.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilipata nane."

"Najua."

"Lakini ubaoni nilikuwa nne na nusu."

Bi Wastani hakumwelewa mara moja. Msichana akaokota chaki ya fundi, akavuta kipande cha kitambaa cheusi, akaandika juu yake kwa mwandiko mdogo.

"Kundi la arobaini lina watu kumi na wawili. Wote umewapa arobaini na nne na nusu. Aliyepata arobaini na moja umemwongezea, aliyepata arobaini na tisa umemkata. Wakichanganywa, huyu anamfidia yule, hesabu inakaa sawa. Sasa mimi umenikata tatu na nusu." Akaweka chaki chini. "Nimechanganywa na nani?"

"Mnaongea lugha gani nyie?" aliuliza shangazi.

Bi Wastani alikuwa anakitazama kile kitambaa cheusi. Kwa miaka mingi alikuwa ameeleza kwamba namba ya katikati inakaribia ukweli, akazidisha, akafuta ubao, akaenda nyumbani. Kwamba inakaribia kwa sababu watu wanafidiana, na kwamba aliye peke yake hana wa kumfidia, hilo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumrudishia, na yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka hivyo.

"Uliliona saa ngapi jambo hili?"

"Walipokuwa wanacheka," alisema msichana. "Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama ubao."

Machozi yalimlenga Bi Wastani, akajikaza. Aliona haya, na ndani ya haya hiyo kulikuwa na furaha, kubwa kabisa, ya mwalimu anayekutana na kichwa chenye akili. Hakujua aonyeshe ipi, akaisogeza karatasi. "Basi hili jipya ni bora zaidi. Hapa una wenzako."

"Hapa nimekuwa tisa na nusu," alisema Mgeni baada ya kuitazama tena. "Umenipa moja na nusu ya bure. Siitaki."

"Mtoto huyu," alinung'unika shangazi, "hata cha bure anakataa."

"Nia yangu ni wasikuone," alisema mwalimu.

"Wameshaniona." Msichana alikuwa akikikunja kile kitambaa, pembe kwa pembe, kama mtu anayefanya kazi aliyotumwa. "Acha makundi yabaki kumi kumi, Mwalimu. Nikirudi, sitakaa pale. Lakini ukiyaunganisha, siku nikitoka hakuna atakayejua kwamba nimetoka. Nataka paonekane patupu."

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Bi Wastani aliichukua karatasi yake ya makundi mapana, akaikunja, akaitia kwenye kapu la vipande.

"Kwa hiyo unarudi," alisema. Hakuthubutu kuliuliza.

Mgeni alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa ameshainuka. Aliliokota shuka lililoanguka nyuma ya kiti, akalikung'uta nyuzi, akaifunika cherehani ya pili kuanzia juu mpaka kwenye miguu. "Hiyo sketi nitaimalizia mwenyewe," alisema. "Pindo lenyewe umelipinda."

Msichana alirudi. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, tusidanganyane. Redio alimwomba msamaha mbele ya watu wote, kwa sauti kubwa, jambo lililokuwa baya karibu sawa na kosa lenyewe. Mgeni alimwambia ameshasikia, na mtaa wa pili umesikia pia, na hicho kikawa kicheko cha kwanza darasani ambacho naye alikuwemo. Mchana alibaki na Bi Wastani wakirudi nyuma sura kwa sura, hadi zile alizozikosa kitandani.

Jaribio la pili lilipokwisha kusahihishwa, Bi Wastani aligawa karatasi, zimekunjwa. Safari hii hakuliandika jedwali yeye. Alimpa Redio chaki, awe mwandishi, naye akamsomea makundi na idadi kutoka mezani, kuanzia juu.

"Sifuri mpaka tisa," alisoma. "Sifuri."

Redio aligeuka. "Mwalimu, hakuna mtu huku. Nne na nusu mara sifuri ni sifuri tu, wala wastani hauguswi. Si tuuache huu mstari, tuanzie kumi?"

Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa, na siku nyingine angesifiwa.

"Uandike," alisema Bi Wastani. "Kuna mtu ametoka hapo."

Redio alisimama na chaki hewani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule hakuwa na neno. Akatazama kiti cha Mgeni. Mgeni hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia daftari lake, anaiandika sifuri yake taratibu, anaizungusha mpaka ikafunga.