Bomba la Nyumba ya Babu

Nyumba ya babu yetu huko Kanzenze ni kubwa kupita kiasi, na babu alitaka iwe hivyo hivyo. Alipofanikiwa kwa biashara ya vitambaa kati ya Gisenyi na Goma, aliijenga kwa mawe meusi ya volkano, akaiwekea veranda pande zote na tangi la kukinga maji ya mvua. Bomba la tangi akalielekeza barabarani, maana kule ardhi haishiki maji na majirani walikuwa wanayafuata mbali.

Tetemeko lilipopasua kuta, shangazi Kaltumu, Mama Hakimu kwa jina la mwanawe, binti mkubwa wa babu, aliapa hafi kabla hajaiona imejaa watu kama sikukuu za utoto wake. Kazi ya kuikarabati ikashikwa na mdogo wake, baba mdogo Latif, mtu asiyeambilika. Haki yake nimpe: vigae vya zamani alivirudisha kimoja kimoja, milango akaikwangua rangi mpaka mbao ikang'aa. Halafu akazungusha ukuta mpya, bomba likabaki ndani, akatamba kwamba sasa ndiyo nyumba ya heshima.

Siku ya kuifungua tulichinja ng'ombe, tukapika pilau, tukaalika majirani wa kilima kizima. Hakuja mtu. Tulikaa sisi wa mjini tu, tunafukuza nzi, Latif akisema watu wa shamba hawajui saa. Shangazi hakugusa chakula, na mimi roho iliniuma.

Mwishowe shangazi alitoka getini, akamwona Mukagasana, jirani aliyekua naye, akipita na bidoni, dumu tupu la maji, kichwani. Akamuuliza kosa letu ni nini.

"Mama Hakimu, robine ya maji mulifungia ndani," alisema Mukagasana. "Tukasema bon, batu ba mujini banataka kukaa peke yabo."

Shangazi aligeuka. "Latif, leta nyundo."

Latif akaanza hotuba ya usalama. Dada yake akaichukua nyundo mwenyewe, akamtia mkononi. Basi Latif akaubomoa ukuta wake mwenyewe mbele ya bomba, akiwa na kanzu yake nyeupe, sisi tukicheka mpaka mbavu zinauma.

Maji yalipotoka barabarani tena, Mukagasana aliwaita wenzake, lakini yeye hakuchota. Alitua bidoni chini ya bomba, akapita kwenye tundu la ukuta bila kupiga hodi, akauliza pilau iko wapi. Shangazi akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Jioni bidoni zilikuwa zimepanga foleni ndefu barabarani, tupu, na wenyewe wote wako ndani wanakula.