Bomba la Darini

Zumra alikigusa kile chuma cha ukutani kwa kiganja kizima. Kilikuwa baridi vilevile kama alivyokikuta alfajiri, na jiko lilikuwa linawaka tangu saa hiyo.

Lilikuwa jiko la kupikia na la kupashia nyumba moto, kama yalivyo majiko yote ya uwanda wa Pešter, huko milimani kwenye baridi kali. Tumboni mwake mna maji. Yakipata moto hupanda kwa bomba mpaka kwenye tangi la darini, kisha huzunguka kwenye vyuma vya kila chumba. Leo kuni zilikuwa zinawaka kwa hasira, bamba la juu limeiva likawa jekundu, na vyumba vyote bado barafu tupu. Maji yalikuwa hayaendi popote.

Alijua sababu, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mdogo wake Rifat alipokuwa anarudi Ujerumani mwisho wa kiangazi alimwachia nyumba kwa ombi moja tu: baridi ikianza awashe jiko kila siku, mabomba yasigande. Akawasha, tena kwa moyo. Kisha upepo wa kaskazini ukaja, theluji ikafika madirishani, magoti yakamkataa, akajiambia atakwenda kesho. Kesho hiyo haikufika. Rifat akipiga simu jioni, Zumra huketi kando ya jiko lake mwenyewe na kumwambia, "Kwako kunawaka, mdogo wangu. Moshi wako unaonekana mpaka msikitini."

Na leo Rifat analeta mjukuu wake wa kwanza. Kesho wanawake wa kijiji watakuja na sinia za pai kumtazama mtoto, na kumwingiza mtoto mchanga kwenye nyumba iliyolala bila moto ni aibu ambayo Pešter haisahau. Ndiyo maana Zumra alijaza jiko magogo ya mfune mpaka mlango ukagoma kufunga. Alitaka moshi uonekane barabarani kabla gari halijafika.

Ukutani kitu kiligonga. Ngo. Kikanyamaza, kikagonga tena kwa nguvu zaidi.

Akakumbuka. Upande wa pili wa mlima, watu waliwahi kurudi kutoka matangani, wakawasha jiko la namna hii huku bomba la darini limeganda. Mvuke ukakosa pa kupitia, jiko likalipuka. Waliokwenda kuwasaidia hawakupenda kusimulia walichokiona.

Alichukua sepetu atoe makaa yote, ayamwage kwenye theluji. Hapo honi ikalia uani. Zumra alisimama na sepetu mkononi akiwaza ataulizwa kwa nini anaumwaga moto, kisha akairudisha kwenye kona na kwenda kufungua mlango.

"Asalaam aleikum, dada!" Rifat alimkumbatia mpaka akamnyanyua. "Nimeuona moshi tangu kona ya chini. Nikamwambia mkwe wangu, unaona? Huyo ndiye dada, siyo dada wa maneno matupu!"

"Aleikum salaam, karibuni. Mashallah! Ndiye huyu? Masikini, pua ya babu yake nzima nzima!"

"Tutafanyaje, shangazi, ndiyo mahari niliyopewa," alisema Belkisa, mke wa mtoto wa Rifat, huku anacheka. Alikuwa bado na koti. Akakiweka kikapu cha mtoto kwenye benchi, ubavuni mwa jiko. "Angalau hapa pana joto. Mbona kwingine kote baridi?"

"Nyumba kubwa hii, mwanangu. Itashika joto tu."

Ngo. Ngo ngo.

"Nini hicho?" Rifat aliuliza.

"Kuni mbichi."

Aliona uongo unamtoka kwa wepesi akajichukia. Ndani ya jiko ukaanza mlio mwembamba, na maji ya kahawa yakatetemeka kwenye birika lililokuwa mezani, mbali na moto. Mtoto alikuwa amelala, ngumi mbili mashavuni. Zumra akafungua kinywa aseme kweli. Likamtoka neno jingine.

"Moshi!" akapiga kelele. "Jiko linavujisha moshi wa sumu, kichwa kinanizunguka! Tokeni! Belkisa, toka!"

Akakinyakua kikapu yeye mwenyewe, akatoka mbio, magoti kayasahau. Rifat na Belkisa walimfuata hadi kwenye theluji ya uani. Mtoto akaamka akalia kwa sauti nzuri yenye uhai, na Zumra akashukuru mpaka machozi yakamtoka. Wote walikuwa nje, na hakuna aliyejua kitu.

"Dada, umenikata maini bure," Rifat alisema akihema. "Moshi tu? Mtoto ataganda hapa. Ngoja nikafungue madirisha."

"Acha, Rifat."

"Dakika moja tu."

"Rifat, rudi hapa!"

Alikwishaingia. Kwa nini asiingie? Aliambiwa ni moshi, na penye moshi mtu hufungua dirisha. Majirani wawili wa kike, hawakungoja kesho, walikuwa wamefika kwenye ua kuwapokea wageni, vitambaa kichwani na sinia mikononi, na Belkisa alikuwa anamtazama Zumra usoni.

"Siyo moshi!" Zumra alilia. "Bomba limeganda! Sikuwasha, Rifat, nilikudanganya! Tangu theluji ianze sikuwasha hata siku moja! Toka!"

Majirani walisimama palepale. Belkisa alimchomoa mtoto kikapuni, akamvutia kifuani, akarudi nyuma hatua moja, mbali na Zumra.

Dirisha la jikoni likafunguka. Rifat akatoa kichwa, anatabasamu, mkono nyuma ya sikio.

"Unasemaje, dada? Jiko lina kelele, sisikii kitu."

Zumra akavuta pumzi ayaseme tena. Jiko halikumngoja.