Kiti cha Haji Bahgat

Kila mwaka, Mei ikikaribia kwisha, nyumba ya Fundi Rifaat ilikuwa haikaliki kwa ugomvi wa bahari. Mkewe, Ikhlas, alitaka Iskandaria, kwa kuwa dada yake anaishi huko na kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, bahari isiyo na mji nyuma yake ni maji tu. Binti yao wa pekee, Nashwa, alitaka Matruh, ambako maji ni maangavu mpaka unazihesabu kucha zako za miguu. Rifaat alitaka popote penye jua, mwavuli na mtu wa kucheza naye dhumna. Walibishana wiki nzima, na mwisho wa yote neno la Ikhlas ndilo lililopita.

Ugomvi huo ulikuwa raha yao. Watu wa Mahalla ndivyo tulivyo: mwaka mzima tunameza vumbi la pamba viwandani, kisha Agosti tunakwenda kulitemea pwani siku kumi, na asiyekwenda tunampa pole kama aliyefiwa.

Familia hiyo ilikuwa haijakwenda miaka mitatu. Figo za Rifaat zilikuwa zimekufa, akaacha kazi ya ufundi wa mitambo ya kufumia, na sasa kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano alikaa kitini hospitalini kwa saa nne, damu yake ikitoka mkononi, ikisafishwa na mashine, ikirudi. Kukosa siku moja ni kuvimba. Kukosa mbili tatu ni kusomewa Yasini. Mashine haibebwi begani, na aliyefungwa nayo haendi mbali. Hata hivyo kila Mei waliendelea kubishana, Iskandaria au Matruh, kwa sauti zilezile, wakijua fika kwamba hawaendi popote. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kunyamaza wa kwanza.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Nashwa alikuwa ameposwa na kijana anayefanya kazi Kuwait. Arusi ilipangwa mwanzoni mwa Septemba, na wiki moja baadaye bibi arusi angepanda ndege. Rifaat akawaambia waende wao wawili Matruh, wasimfikirie, yeye atabaki na kiti chake na majirani watamtupia jicho. Nashwa alikuwa akimenya vitunguu saumu vya mchuzi wa mboga ya mulukhiya. Hakuinua uso.

"Baba, bila wewe siendi," alisema. "Niende na nani? Na huyu mama anayeogopa mawimbi ya beseni?"

"Mimi naogopa?" Ikhlas akamjibu. "Muulize baba yako nani alimtoa majini Baltim, kakazwa na msuli, analia kama mtoto aliyeingiwa na sabuni machoni."

Walicheka wote watatu. Kisha Rifaat akaingia chumbani na simu, akafunga mlango. Alitaka jambo moja tu duniani, siku kumi baharini na binti yake kabla hajawa wa watu wengine, na alikuwa amekata shauri kuzipata.

Kuanzia hapo akawa anachagua bahari kama wanavyochagua wenye ugonjwa wake, kwa kutafuta kiti kwanza na mchanga baadaye. Iskandaria walimwambia wamejaa mpaka Oktoba. Matruh kiti kilikuwapo, lakini kwa mashine ya wenye virusi vya ini, naye ini lake lilikuwa salama. Bur Said walimwandika mwishoni mwa orodha ndefu. Baltim viti vilikuwa vinne, na havikuwatosha hata wenyeji. Alifuta mji mmoja baada ya mwingine kwenye karatasi, na hasira zikampanda. Bahari yote ile, na haikuwa na pahali pa kumweka mtu mmoja kwa saa nne.

Mwisho alimpigia nesi wa Rasi al-Bar, mji mwingine wa pwani, mwanamke aitwaye Awatif, mwenye sauti ya mtu asiyependa kupotezewa wakati. Naye pia alisema kiti hakuna. Ila, alisema, kuna mgonjwa wao mmoja, Haji Bahgat, mwokaji mikate mstaafu, ambaye binti yake Sausan ameolewa hukohuko Mahalla na anatarajia kujifungua katikati ya Agosti. Mzee anatamani kuwa karibu naye lakini hana kiti cha Mahalla. Waongee wenyewe. Wakikubaliana kubadilishana, hospitali mbili zitamaliza habari za karatasi na vipimo.

Rifaat alimpigia siku hiyohiyo. Haji Bahgat alikuwa na sauti ya kukwaruza na mdomo wa kuchezea watu. Alitaka kujua mtu mzima anatafuta nini baharini. Yeye bahari iko nyuma ya nyumba yake miaka sabini, na faida pekee aliyoiona ni shuka zisizokauka. Wakaelezana viti vyao kama watu wanaouziana punda. Cha Bahgat kilikuwa cha tatu kutoka dirishani, mguu mmoja unacheza, kinataka karatasi chini yake. Cha Rifaat kilikuwa chini ya feni inayozunguka ikijisikia. Waliagana wakiwa marafiki.

Wiki mbili baadaye, karatasi zikiwa karibu kukamilika, Bahgat akapiga mwenyewe. Safari hii hakufanya mzaha. Daktari wake alikuwa amemsikiliza moyo na kumkataza kusafiri. Moyo umechoka, alisema, na joto la Mahalla mwezi wa Agosti si la mtu kama yeye. Binti naye alikuwa amemwambia atulie kwake, atamletea mtoto baada ya arobaini. Basi samahani sana, Fundi.

Rifaat alisema hapana neno, akakata simu. Ukumbini Nashwa alikuwa amekwisha toa mwavuli juu ya kabati na kuukung'uta vumbi la miaka mitatu. Rifaat alimtazama, akashindwa kumwambia. Usiku kucha aligeuka kitandani, na asubuhi akampigia Haji Bahgat. Alipokataa, akampigia tena kesho yake. Mara ya tatu Rifaat aliacha heshima zake zote kando.

"Haji, wako utamwona. Wangu anakwenda zake," alisema. "Nakuomba kama mtu anavyomwomba baba yake."

Mzee akakohoa na kusema madaktari nao huzidisha, wakisikilizwa sana mtu hatoki kitandani. Angekwenda. Rifaat alimshukuru mpaka sauti ikamkauka. Habari ya moyo na ya daktari hakumwambia Ikhlas, wala Nashwa, wala nesi Awatif.

Walifika Rasi al-Bar Ijumaa. Nisifiche: zilikuwa siku njema. Jumamosi Rifaat alikaa kwenye kiti cha tatu kutoka dirishani, akaweka karatasi chini ya mguu unaocheza, na wagonjwa wa pale wakamtania kwamba Bahgat amewaachia mtu mkimya wa kuwachosha. Siku za katikati zilikuwa zake. Alikaa chini ya mwavuli na kipande chake cha tikiti maji chembamba, ambacho Ikhlas alikikata kwa ubahili wa mfamasia, maana kuzidisha ni sumu kwake. Jioni Nashwa alimshika mkono ule usio na makovu ya sindano, wakaingia majini mpaka magotini, na msichana akamweleza mambo ambayo nyumbani hakuwa na nafasi ya kuyasema: kwamba anaogopa, kwamba mume wake mtarajiwa ni mtu mpole, kwamba Kuwait hajui hata jina la mtaa atakaokaa. Rifaat alisikiliza. Aliona kwamba amepewa alichokitaka, na alifurahi bila kujificha.

Jumatano, sindano zikiwa mkononi, simu ililia. Alikuwa Bahgat, naye yuko kitini Mahalla, anapiga kelele kushinda feni. Mvulana. Kilo tatu na nusu, na pua ya babu yake, maskini. Rifaat akawatangazia wodi nzima, na nesi Awatif akapita akigawa peremende kwa walioruhusiwa na wasioruhusiwa.

Jumatatu iliyofuata Awatif alikuja na sinia la sindano, akaliweka pembeni, akavuta kigoda. Wagonjwa wengine walikuwa wakitazama sakafuni.

"Haji Bahgat amefariki jana alfajiri," alisema. "Usingizini, nyumbani kwa binti yake. Moyo. Walimleta, tukamzika alasiri."

Rifaat alitaka kuinuka kwenye kiti kile, lakini hakukuwa na kiti kingine. Awatif akamchoma sindano taratibu. Saa nne zile alizimaliza akitazama damu yake ikizunguka kwenye mipira. Alipokuwa akimfunga bandeji, Awatif alisema, kwa upole usio wa kawaida yake, kwamba kiti sasa kiko wazi. Kama angependa kuhamia pwani na familia, angeweza kukiombea kwa mkuu wa kitengo, kikawa chake mwaka mzima. Rifaat alimkatalia kabla hajamaliza.

Kwenye nyumba waliyopanga alimkuta Ikhlas akikunja nguo, akamwambia yote. Daktari, moyo, simu tatu. Hakujitetea.

"Aliniambia, Ikhlas. Nilisikia vizuri kabisa, nikambembeleza."

Ikhlas aliliweka shati mapajani. Rifaat alitazamia mojawapo ya mawili, atukanwe au afarijiwe, na lolote kati ya hayo lingempa nafuu. Mkewe hakumpa hata moja.

"Vaa kanzu safi," alisema. "Uende ukawaambie wenyewe."

Matanga yalikuwa mbele ya nyumba ya marehemu, viti vimepangwa chini ya turubai, msomaji akisoma. Rifaat aliwapa mkono wanaume waliosimama mstari, na alipojitaja, mkwe wa marehemu alimshika bega akamwambia asubiri. Aliingia ndani, akatoka, akamwongoza mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Sausan alikuwa amekaa kwenye godoro, amevaa nyeusi, uso umemvimba kwa kilio, mtoto wa siku sita amelala kando yake. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania. Angeweza kuwa rika la Nashwa.

Rifaat alibaki mlangoni, akasema aliyoyaleta. Alisema baba yake alikuwa amekataa kusafiri, na sababu zake zilikuwa za kweli, na kwamba yeye alizijua na bado akapiga tena na tena kwa ajili ya siku kumi za pwani. Alisema amekuja kuomba radhi, na akikosa hatalaumu.

"Najua," Sausan alisema. "Hata mimi nilimkataza. Aliniambia kuna mtu wa Mahalla analia kwenye simu, ana binti anaondoka. Nikamwambia, baba, hayo yanakuhusu nini? Akaniambia, na mimi nina binti."

Mtoto alijinyoosha, akatoa sauti ndogo, akatulia. Sausan alimwekea mkono kifuani.

"Alimpakata siku nne, Fundi. Alikataa kumweka chini hata wakati wa kula. Hizo siku nne usiniombe radhi, hizo nakushukuru." Akafuta uso kwa kiganja. "Hizo nyingine, ambazo angeishi, siwezi leo. Nikisema nimesamehe nitakuwa naongopa na baba yangu hajamaliza siku mbili kaburini. Njoo kwenye arobaini yake, uniulize tena."

Rifaat alisema atakuja. Alisimama pale kidogo zaidi ya adabu, machozi yakimshuka mbele ya mwanamke asiyemjua, na hakuyazuia. Kisha akarudi chini ya turubai, akakaa na watu wa marehemu mpaka msomaji alipofunga msahafu.