Chaja ya Ruziba

Kila Jumamosi mchana Zénon alikuja kwetu Kinanira, Bujumbura, kumwona dada yangu Elvire, na kila Jumamosi mimi niliamini amekuja kuchaji gari.

Nilikuwa na sababu. Nyumba yetu imepakana na nyumba ya wageni yenye chaja ya kasi, na kwa muda mrefu hatukujua nyingine upande wetu wote wa kusini. Zénon anakaa Ruziba, kule chini karibu na ziwa. Anafanya kazi ya bima, na alinunua gari la umeme alipochoka kulala kwenye foleni ya petroli. Akifika, analichomeka gari kwa jirani, anapita kwenye geti letu, anaketi barazani na chupa ya Fanta, simu juu ya goti. Simu inamwonyesha betri imefika wapi. Ikifika asilimia themanini, kijana anasimama, anamshukuru mama, anaondoka. Siku moja umeme ulikatika akiwa ndiyo kwanza ameketi, akabaki hadi jioni. Mama akasema hayo ndiyo mapenzi. Mimi nikasema hiyo ni betri.

"We Benite una wivu," Elvire aliniambia.

"Sina wivu, nina macho. Yule akiambiwa achague kati yako na waya, atauliza kwanza waya una kilowati ngapi."

Elvire hakucheka. Alikuwa anangoja wazee wa kina Zénon waje gufata irembo, ile ziara ya kwanza ya kutangaza kwamba binti wa nyumba hii ameonwa. Alikuwa ameshachagua hata kitambaa. Wazee hawakuja, na Zénon hakuzungumzia lolote ila hali ya barabara.

Sasa, mimi ninaendesha kundi la WhatsApp liitwalo Chaji Buja, ambamo watu, Zénon akiwemo, wanaambizana chaja za kasi ziko wapi na zipi zinafanya kazi. Sina gari wala leseni, na wananitania sana kwa hilo. Nina diploma ya umeme na nina miguu, basi inatosha. Sharti langu ni kwamba hakuna chaja inayoingia wala kutoka kwenye orodha mpaka mtu aende kuiona na alete picha. Kabla ya hapo watu waliandika "nasikia kuna moja karibu na bandari", na mtu anamaliza betri akitafuta kitu kilichosikika tu.

Mwezi uliopita nikapata habari kwamba chaja mpya imefunguliwa Ruziba, kwenye uwanja wa muuza mbao, karibu kabisa na kwa Zénon. Nikapanda basi, nikaiona, nikaipiga picha, nikaitangaza. Sitasema kwamba sikumfikiria Zénon. Nilimfikiria sana. Nilitaka kuona kama atapanda kilima chetu siku ambayo hana cha kuchaji.

Jumamosi ile hakupanda.

Elvire alikuwa amesuka nywele na kuvaa hereni. Juisi ya marakuja ikapata moto mezani. Mama akazunguka baraza akitafuta wa kumlaumu, na sikuwa mbali.

"Umemfukuza mukwe wangu na picha!"

"Mama, nimetangaza chaja."

"Kwani Bujumbura nzima walikosa pa kuweka umeme, mpaka Ruziba?"

Elvire alivua hereni, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kama angenitukana ningejua la kujibu.

Alhamisi iliyofuata Zénon akaandika kwenye kundi: "Chaja ya Ruziba imekufa. Musijisumbue kwenda." Hakuweka picha. Nikamwomba picha; alama za kusomwa zikageuka buluu, picha haikuja. Niliudhika, lakini nilikuwa na kazi, nikasema nitakwenda mwenyewe Jumamosi.

Jumamosi asubuhi, kabla sijatoka, nikasikia honi kwa jirani. Alikuwa Mama Esperance, Mkongo mwenye teksi ya umeme, mtu ambaye hata akinong'ona mtaa unasikia.

"Benite! Kuja uone asilimia! Ine, hata tano haifiki! Nimepanda kilima bila kufungua hata feni, kliya wangu ameshuka analoa jasho kama samaki. Nilipita mbele ya Ruziba, sikusimama, juu mulisema imekufa!"

"Si mimi niliyesema."

"Kundi ni la nani?"

Alipomaliza kuchaji akanipakia, tukashuka Ruziba. Chaja ilikuwa palepale kwenye harufu ya mbao, taa yake ya kijani inawaka. Mlinzi alituapia kwamba tangu ifunguliwe haijalala. Mama Esperance akachomeka waya, namba zikaanza kupanda.

"Ni nani aliandika ule uongo?"

"Zénon."

"Zénon gani? Ule anakunywaka Fanta kwenu?" Akashika kiuno, akanitazama, kisha akaanza kucheka mpaka mlinzi naye akacheka bila kujua kwa nini. "Na we na diploma yako, haujaelewa?"

Nilielewa hapo hapo, lakini sikutaka kumpa raha hiyo. Nikampiga picha amesimama kati ya chaja na teksi, kidole gumba juu.

Mchana Zénon akafika. Akachomeka gari kwa jirani, akaketi, akapewa Fanta. Elvire alikuwa amekaa mbali kidogo, uso wa kupokea mgeni wa kanisa.

"Mutanivumilia, Mama," Zénon akasema. "Ile ya Ruziba imekufa. Nitakuwa nakuja tena huku."

"Nimetoka huko sasa hivi," nikasema, nikamwekea simu yangu mbele ya macho.

Alimtazama Mama Esperance pichani, na kidole chake, na taa ya kijani. Masikio yakamwiva.

"Zénon," Elvire akauliza polepole, "gari lako liko na asilimia ngapi?"

"Tisini na sita."

"Na umelichomeka?"

"Nimelichomeka."

Mama akavuta kiti, akaketi vizuri.

"Jumamosi ile nilichaji kule," Zénon akasema, akiiambia chupa. "Likajaa. Nikabaki ndani ya gari nikitafuta nitawaambia nini hapa getini. Mtu anafikaje kwa watu bila sababu?"

"Sababu ilikuwa imekaa hapa, imevaa hereni," Elvire akasema.

"Na hiyo simu?" nikadakia. "Kila siku macho kwenye simu!"

"Nilikuwa naomba ipande polepole."

"Mbona ikifika themanini unakimbia?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si ni wewe uliandika kwenye kundi? Ikifika themanini, mupishe mwenzako."

Elvire alicheka kwanza. Alicheka akiegemea nguzo, na Zénon akacheka kwa kuogopa, na aliponyamaza akasema kwamba baba yake mdogo ameshaulizia ni Jumapili ipi tutakuwa nyumbani.

"Benite," mama akasema, "muombe shemeji yako msamaha."

Kusikia "shemeji", Zénon alipaliwa na Fanta.

"Simuombi. Mama Esperance amepanda na asilimia nne kwa ajili ya uongo wake. Nimemtoa kwenye kundi, na hatarudi mpaka alete picha ya chaja ya Ruziba ikiwaka."

"Na mimi?" Elvire akasema. Machozi ya kicheko yalikuwa bado usoni, lakini sauti ilikuwa ya dada mkubwa. "Umenipimia mwanaume bila kuniuliza. Jumamosi nzima nimeosha sahani safi."

"Ulitaka kujua, nami nilitaka kujua. Sasa tunajua."

"Msamaha, Benite."

"Apana," nikasema. "Kwako pia siombi."