Walichokisikia Wasichana

Fundi cherehani alipanda jukwaani katika shule ya wasichana kwa shingo upande. Mwalimu wa malezi alikuwa amembembeleza wiki tatu nzima: "Dada, wewe hawatakupuuza. Sisi tumesema mpaka mate yametukauka."

Basi akasema. Alianza kupaka krimu ya kujichubua akiwa na miaka kumi na tisa. Akang'aa, akasifiwa, akaposwa. Baadaye ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Alipojifungua kwa upasuaji, kidonda kilikataa kufunga miezi mitano, na mume hakungoja kipone. Akakunja mikono ya gauni, mabaka yakaonekana. Akapitisha na picha yake ya harusi. Wasichana wakalia, wakapiga makofi.

Alipokuwa akitoka, mmoja akamfuata hadi getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwenye ile picha, ulikuwa umepaka muda gani?"

"Miezi minane."

"Na kuharibika kulianza lini?"

"Mwaka wa tano hivi."

Msichana akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo mtu akiacha mwaka wa tatu…"

"Haiachiki! Ukiacha unarudi mweusi kuliko mwanzo, tena kwa madoa."

"Wewe hukuwa na wa kukuambia, mama. Sisi umeshatuambia." Akashukuru kwa adabu zote, akarudi darasani.

Muhula uliofuata, msichana yule aliingia dukani kwa fundi na mama yake kushonesha gauni la harusi ya dada yake. Uso ulikuwa umetakata kama yai lililomenywa. Fundi akapima mabega, akashuka mkononi. Vifundo vya vidole vilikuwa vimebaki vyeusi ti. Futi ya kupimia ikamtoka.

"Mama, mwanao anajichubua."

"Anajichubua nini? Damu yake tu imechangamka."

"Mtazame vidole. Mimi nilianza hivyo hivyo."

Mama mtu akamtazama fundi kutoka shingoni hadi viganjani, taratibu. "Mkosi wako usimtupie mwanangu," akasema, akakwapua kitambaa chake mezani. "Mafundi wamejaa mjini."

 Msichana hakuona hata haya. Alimtazama fundi kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa jirani, kisha akamfuata mama yake.

Jioni mwalimu alipiga simu kwa furaha. Shule tatu nyingine zilikuwa zinamtaka. "Uliwagusa sana, dada. Mpaka leo wanakutaja."

"Najua," fundi akajibu, akakata simu.