Mkono Uliosubiri Kujibiwa

Bodi ya madaktari ilimpa Sajini dakika kumi na tano. Katika muda huo alitakiwa atembee hatua hamsini ndani ya njia iliyozungushiwa utepe, apige goti mara tatu, achokore ardhi kwa kijiti cha chuma, kisha ainuke bila kushikwa mkono. Akifaulu, angebaki jeshini kuwafundisha vijana kutegua mabomu ya ardhini, kazi ile ile iliyomchukulia mguu wa kulia chini ya goti. Akishindwa, angepewa cheti na kupigiwa makofi, kisha arudi uraiani, ambako hakuwa na mtu wala mlango wa kubisha.

"Usiniaibishe," alisema fundi wa miguu bandia, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mwepesi kama mikono yake, huku akimkazia mkanda wa mwisho. "Ukianguka mbele ya wakubwa, watasema fundi anabahatisha."

"Nikianguka, dada, nitaangukia upande wa mguu wangu mwenyewe."

Kwa miezi minane huyo ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuzungumza naye. Wenzake wa kikosi walikuja wote hospitalini wiki ya kwanza, wakajaza chumba kwa kelele na machungwa. Baadaye akawa anakuja Koplo peke yake, yule mrefu waliyemwita Mnara, aliyefanya kazi naye bega kwa bega miaka sita. Baadaye Mnara akawa anapiga simu. Kisha akahamishiwa mpakani, na simu yake ikawa inaita tu hadi inakata yenyewe. Kitanda cha pili chumbani kilibaki na godoro lililokunjwa.

Sajini alikuwa amemsimulia fundi habari za Mnara, na kwamba "bega kwa bega" ulikuwa msemo tu. Kazi yao hufanywa na wawili walioachiana nafasi. Mmoja hupiga goti mbele; mwingine hubaki hatua ishirini na tano nyuma, ili likitokea la kutokea aondoke mmoja. Hawasemezani. Aliye mbele akimaliza kipande chake cha ardhi, hugeuza shingo na kuinua mkono wa kushoto. Wa nyuma naye huinua wake. Hapo ndipo wa mbele huendelea. Asipojibiwa, hasogei.

"Na mwenzako akiwa anapiga miayo?" fundi aliuliza.

"Nasubiri amalize."

"Akilala je?"

"Nasubiri aamke. Kisha namtukana."

Asubuhi ya mtihani, Kanali na madaktari watatu waliketi chini ya turubai mwanzoni mwa njia, mafaili mapajani. Sajini aliingia kwenye njia. Mguu ulimtii. Alipiga goti la kwanza kwa uangalifu, akachokora udongo kwa kijiti shubiri kwa shubiri, akamaliza. Akageuza shingo, akainua mkono wa kushoto.

Hakuna aliyemjibu. Daktari mmoja alikuwa akiandika; mwingine alitazama saa.

Alijua vyema kwamba chini ya nyasi zile hapakuwa na kitu ila mizizi. Kichwa chake kilijua, mkono haukujua. Ukabaki juu.

"Sajini, unaweza kuinuka?" daktari aliita.

Hakujibu, maana katika kazi ile hakijibiwi kitu kwa mdomo.

"Amekwama," alimsikia mwingine akisema. "Goti hilo."

Dakika zikapita. Bega lilianza kuwaka moto. Ndipo mlango wa karakana ya miguu bandia, kando ya uwanja, ulipofunguka, na fundi akatoka mbio na aproni yake, akasimama nyuma ya viti vya wakubwa, akainua mkono wenye bisibisi. Ulikuwa wa kulia, lakini Sajini hakuwa na moyo wa kuchagua. Aliinuka, akaendelea. Mara ya pili na ya tatu alijibiwa papo hapo.

"Dakika kumi na tisa," alisema Kanali. "Goti lilikwama?"

"Hapana, afande. Nilisubiri nijibiwe."

Akaeleza. Daktari mwenye saa akakunja uso. "Lakini ulijua hapakuwa na bomu."

"Nilijua, afande. Ila hao vijana watanitazama mimi. Siku watakayoniona naendelea bila kujibiwa, watajifunza hilo, na mengine yote niliyowaambia watayasahau."

Kanali akamwomba daktari kalamu. Aliandika kwenye faili: abaki mwaka mmoja, kisha aangaliwe upya; mwalimu wa uwanja, nafasi ya nyuma. Mbele hatakwenda tena.

"Haya, mwalimu," alisema fundi akimlegezea mikanda. "Mimi kesho nina mguu wa mtu mwingine. Usinitafutie kazi ya kuinua mikono."

"Na umeinua mkono usio wenyewe, wa kulia."

"Umeinuka, hukuinuka?"

Alicheka naye hadi mlangoni. Chumbani, alivua mguu, akausimamisha ukutani na buti lake lisilo na kunyanzi hata moja. Alimpigia Mnara. Simu iliita hadi ikakata. Akaandika ujumbe wa neno moja, "Nimebaki," akautuma, akailaza simu juu ya godoro lililokunjwa, mahali atakapoiona.

Kengele ya chakula cha mchana ililia bwaloni. Alisikia miguu ya wengine ikipita ukumbini, jozi kwa jozi. Yeye hakuunyoshea mkono mguu wake. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akiitazama simu, akasubiri.